Jiwe la Manda na deni la shilingi 31

Baba yake babu yangu alifia timboni, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, Pwani ya Kenya, akikata mawe ya watu. Kwetu hilo si siri. Kila mtoto wa nyumba yetu amelisikia kabla hajajua kusoma. Lakini kila aliyetaka kujua zaidi alikomea hapo hapo. Alikufa lini? Ilikuwaje? Nani walikuwa naye? Mawe yalikuwa ya nani? Wazee walikuwa na jibu moja tu: iwe, yaani jiwe, lilimfinika, Mungu amrehemu. Kisha mtu huulizwa kama amekula.

Nimezitafuta habari za kifo kile kwa muda mrefu, na sasa nina cha kueleza. Nataka kueleza nilichokipata, na zaidi pale nilipokipata, kwa sababu Lamu, Pate, Siyu hata Malindi wamejaa watu ambao wazee wao walikufa kazini na majina yao hayamo katika daftari lolote la vifo. Wengi huenda kuuliza kwenye daftari la vifo, wakaambiwa hakuna, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba hakuna kitu kilichoandikwa.

Nilipoanza, nilisoma sana jinsi watu wa nchi nyingine wanavyowatafuta wazee wao waliokufa migodini. Uingereza, tangu 1850, sheria iliwalazimu wenye migodi ya makaa ya mawe kutoa taarifa ya kila ajali iliyoua, na wakaguzi wa serikali wakaziorodhesha mwaka baada ya mwaka: jina la marehemu, umri, kazi yake, na kama aliuawa na paa lililoporomoka, gesi iliyolipuka au kigari kilichokatika kamba. Mgodi wa Senghenydd, huko Wales, ulipolipuka tarehe 14 Oktoba 1913, walikufa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, na majina yao yapo mpaka leo. Tangu 1897 palikuwa na sheria ya fidia pia, kwa hiyo mjane aliyedai haki yake aliacha nyuma makaratasi juu ya makaratasi. Nilisoma hayo kwa uchungu. Kitukuu wa mtu wa Wales anafungua ukurasa, anamwona mzee wake.

Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Kuandikisha vizazi na vifo kulianza 1904 kwa Wazungu, kukafika kwa Wahindi 1906, na kukawa lazima nchi nzima 1971. Sheria ya kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini haikuja mpaka miaka ya 1940, na hii tunayoitumia leo ni ya 2007. Mtu aliyefukiwa timboni kabla ya hapo hakuwa na fomu ya kujaziwa. Kipande, kile cheti cha kazi kilichovaliwa shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kingeweza kutuambia jina la mwajiri na mshahara, lakini watu wengi wa miji ya Pwani walipigania wasihesabiwe katika kundi la kubebeshwa kipande, na kama mzee wetu alikuwa nacho, hakikubaki. Ripoti za wilaya za kila mwaka, zile zilizohifadhiwa Nairobi katika Nyaraka za Taifa, zinasema habari za kodi, biashara, mvua na maradhi. Mkata mawe mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, hakuwa habari.

Basi nikajiuliza: kama haandikwi kwa sababu amekufa, ataandikwa kwa sababu gani? Jibu lake nimeliona katika historia ya mji wetu wenyewe. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya. Serikali ya Waingereza ililipa fidia, na waliolipwa ni wenye watumwa. Ndiyo maana watu ambao hakuna aliyejali kuandika kuzaliwa kwao wala ndoa zao waliandikwa siku ile: palikuwa na pesa ya kupokewa. Karatasi hufuata pesa. Anayemtafuta mtu maskini aache kutafuta pale alipolia au alipocheka, aangalie pale pesa ilipopita mkono kwa mkono kwa sababu yake, hata ikiwa ni senti. Na mtu akifa, hata awe maskini namna gani, kuna mahali pamoja pesa lazima ipite: mirathi.

Lamu, kama ukanda wote wa Pwani uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar, ilikuwa na kadhi wake, na watu walipeleka kwake mambo ambayo wasingeyapeleka kwa mkuu wa wilaya. Nyumba nyingi za mjini zina karatasi za namna hiyo mpaka leo. Zimelala ndani ya makasha, zimekunjwa, hakuna anayezifungua kwa sababu zimeandikwa kwa hati za Kiarabu na wajukuu wamesoma shule.

Yetu ilikuwa katika kasha la babu, chini ya kanzu zake, ndani ya bahasha ya posta ya zamani. Karatasi moja, imekunjwa mara nne, na kila mkunjo umekatika hivi kwamba ukiifungua ina vipande, haina ukurasa. Wino umekuwa rangi ya kahawa. Mvua iliwahi kuvuja kutoka juu ya dari ikaingia kashani, na doa lake limeenea upande wa kushoto, pale penye tarakimu. Shangazi alikuwa akijua ipo. Aliniambia, "Hiyo ni ya mambo ya baba yake baba. Babu yako hakutaka isomwe." Babu ameshakwenda mbele ya haki, na shangazi ndiye mkubwa wetu sasa, kwa hiyo nilimwomba ruhusa yeye. Alifikiri siku nzima. Kisha akanipa, na akataka niisomeshe kwa mtu mmoja tu, mwalimu wa chuo aliyemsomesha yeye Kurani.

Mwalimu ni mzee sasa, macho yake hayana nguvu, lakini akiweka karatasi karibu na dirisha anaisoma kama anayesoma barua ya jana. Maneno ya sheria yalikuwa ya Kiarabu. Majina ya vitu yalikuwa Kiswahili, kwa herufi zile zile. Mtaimbo mmoja. Sururu mbili. Shoka. Kitanda cha kamba. Sufuria mbili. Sanduku la mbao. Mbuzi watatu. Robo ya dau. Sijui namna ya kueleza nilivyosikia pale aliposoma "mtaimbo". Kwa mara ya kwanza mtu yule aliyekuwa hadithi alikuwa na kitu mkononi.

Mali yote ilikadiriwa shilingi 96. Hilo shilingi nalo lina maana yake kwa mtafutaji: Afrika Mashariki iliacha rupia ikaingia katika shilingi 1921, kwa hiyo kabla hata ya kusoma tarehe unajua hati haiwezi kuwa ya nyuma ya hapo. Mazishi shilingi 17. Halafu mstari mmoja: deni la marehemu kwa mwenye mawe, karadha, shilingi... Na hapo doa limekula tarakimu.

Nilikata tamaa papo hapo, na nadhani mwalimu aliniona usoni.

"Mwanangu, mirathi ni hesabu. Mjane mwenye watoto fungu lake ni gani?"

"Thumni."

"Hapa kapewa sita. Sita mara nane?"

"Arubaini na nane."

"Mama wa maiti ana sudusi. Kapewa nane. Nane mara sita?"

"Arubaini na nane."

"Basi kilichogawanywa ni arubaini na nane, na mashahidi ni wawili. Mali ilikuwa tisini na sita, toa mazishi. Hilo lililobaki katikati ndilo deni."

Shilingi 31. Doa lilikuwa limeificha ile tarakimu miaka yote, na mafungu ya mjane na mama yakaitoa. Mtu aliyefukiwa na mawe alikuwa akidaiwa na mwenye mawe, na deni lililipwa kabla mjane wake hajapata sita.

Nitarudi kwenye deni. Kwanza tarehe, kwa sababu wanaotafuta wazee wao huogopa sana tarehe za Kiislamu, na hakuna sababu.

Hati inasema alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi 20 Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, 1349. Ukihesabu, Muharram ya 1349 iliandama mwisho wa Mei 1930, na Mfunguo Tatu yake ikaandama tarehe 19 Aprili 1931 hivi. Mwezi ishirini unaangukia tarehe 8 Mei 1931, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Mwandamo unaweza kuhitilafiana kwa siku moja, lakini hapa jina la siku limekaa sawa na hesabu, kwa hiyo sina wasiwasi. Jambo la kuangalia ni kwamba siku yetu huanza jua likizama. Usiku wa kuamkia Ijumaa kwa Wazungu bado ni Alhamisi. Mzee wetu alikufa Alhamisi tarehe 7 Mei 1931, baada ya magharibi. Ukienda kutafuta habari zake kwenye karatasi za Kizungu ukiwa na tarehe 8, umeshakosea siku.

Halafu nikaiweka tarehe hiyo mbele ya yale shangazi aliyoyasikia. Shangazi alilelewa na bibi yake, ndiye yule mjane. Bibi alikuwa akisema kwamba Idi Kubwa walikula wote, na Maulidi yakamkuta ana mtoto mikononi na hana mume. Alikuwa akisema pia kwamba eda yake ilikatwa na uchungu wa uzazi. Na alikuwa akisema ulikuwa mwaka wa nzige.

Angalia jinsi kila neno lilivyokaa mahali pake. Idi Kubwa ni mwezi kumi Mfunguo Tatu. Alikufa siku kumi baadaye. Mjane wa kawaida hukaa eda miezi minne na siku kumi, lakini mwenye mimba eda yake huisha akijifungua. Maulidi ya Lamu, ya msikiti wa Riyadha, husomwa Mfunguo Sita, na Mfunguo Sita ya 1350 ilikuwa katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti 1931. Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, alikuwa angali hai. Nzige waliivamia Kenya tangu 1928 mpaka 1931. Bibi hakujua kusoma tarehe ya Kizungu, na hakuacha hata moja ya kukosoa.

Na karatasi inamthibitisha kwa njia ambayo sikuitarajia. Mama wa marehemu alipewa fungu lake, mjane akapewa lake, kwa sababu mafungu yao hayabadiliki. Fungu la watoto, shilingi 34, lilisimamishwa. Ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafi: kama kuna mimba, watoto wangoje mpaka izaliwe ijulikane ni mmoja au wawili, wa kiume au wa kike. Pembeni, kwa wino mwingine, mwandishi aliongeza baadaye: amezaliwa mwana wa kiume, Mfunguo Sita 1350. Huyo ni babu yangu. Mara yake ya kwanza kuandikwa duniani ni kama fungu lililosimamishwa.

Kujua lini hakukunitosha. Nilitaka kujua ilikuwaje, na hilo halimo katika karatasi yoyote. Nikavuka kwenda Manda.

Mawe mengi yaliyojenga Lamu yametoka ng'ambo ile. Manda ni mwamba wa matumbawe ya kale, ya miaka zaidi ya laki moja, enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Huko Maweni bado wanakata, kwa mikono, kwa zana zile zile zilizomo katika hati yetu. Wakataji wengi siku hizi ni watu wa bara, waliokuja kutafuta riziki wakahamia na watoto wao. Nilipomweleza fundi mmoja sababu ya kuja kwangu aliacha kazi. Alinipa maji ya kunywa, akanipeleka kwenye ukuta wa timbo akanionyesha.

Juu kuna gamba. Mvua ya miaka na miaka imeyeyusha chokaa ikaishikamanisha upya, ikawa ngumu, sururu inaruka. Chini ya gamba jiwe ni laini, linakatika vizuri, linatoka na pembe. Mkataji anayelipwa kwa kila jiwe hawezi kushinda kutwa akipigana na gamba. Anaingia chini yake. Anakata ndani kidogo kidogo mpaka juu ya kichwa chake pana ubao wa mwamba usio na kitu cha kuushika isipokuwa wenyewe. Na mwamba ule si mzima. Una nyufa, na ndani ya nyufa mna udongo mwekundu. Kiangazi udongo ule umekauka, umeshika. Masika unalowa.

Fundi alichukua mtaimbo akagonga juu, hapa na pale, akisikiliza. Mahali pamoja sauti ilikuwa kali, ya jiwe lililokaza. Hatua mbili pembeni ilikuwa nzito, ya utupu.

"Ikilia kali, kaa, fanya kazi. Ikilia hivi, toka, hata kama jiwe umeshalikata liko mlangoni."

Nikamuuliza kama mvua ndiyo wanayoiogopa.

"Mvua yenyewe hatuingii. Tunaogopa siku ya pili. Jua limetoka, umekaa bure jana yote, njaa iko nyumbani, na maji bado yanashuka ndani ya mwamba."

Mei ni masika. Hilo peke yake lingetosha kueleza. Lakini kulikuwa na jambo moja katika maneno ya bibi lililokuwa likinisumbua. Alisema mumewe angekuwa ameshatoka timboni saa ile. Alirudi ndani kwa sababu mashua ilikuwa ikingoja maji. Mimi nilidhani ni kama mtu anavyosema watu walikuwa na haraka. Nilipomwambia nahodha mmoja mzee wa Shela, alihesabu kwa vidole, kisha akauliza mwezi ulikuwa wa ngapi.

Mwezi ishirini, maji ya Lamu hujaa baada ya magharibi. Na mwezi ishirini bamvua, yaani maji makubwa, limeshapita, maji yanakwenda kufa: yakijaa leo, kesho hayafiki pale yalipofika leo, na kesho kutwa ni chini zaidi. Mashua tupu haijali. Mashua iliyoshiba mawe, imekaa kwenye mchanga ndani ya hori, ikikosa maji ya usiku ule huenda ikakaa pale pale mpaka bamvua lijalo, wiki nzima au zaidi, na mwenye mawe amepata hasara, na mkataji hajalipwa. Kwa hiyo Alhamisi ile ilikuwa lazima shehena itimie kabla ya magharibi. Nahodha hakuwa akimjua mzee wetu wala mwaka wenyewe. Aliyasema hayo kwa sababu ndivyo maji yalivyo.

Mimi sasa siamini tena kwamba jiwe lilimfinika tu. Jiwe lilikuwa limelowa tangu siku za nyuma, na kila aliyefanya kazi pale alijua kugonga na kusikiliza. Aliingia kwa sababu mashua ilihitaji mawe machache zaidi, na alihitaji mashua iondoke kwa sababu alikuwa akidaiwa shilingi 31.

Karadha haikuwa jambo geni. Mkata mawe, kama mkata boriti na mvuvi, alipewa chakula na pesa kidogo kabla ya kazi, akailipa kwa mawe. Msimu mbaya deni lilizidi mawe, na mtu akaingia msimu wa pili akiwa bado anautumikia wa kwanza. Mwaka 1931 biashara dunia nzima ilikuwa imeanguka, na nzige walikuwa wamekula mashamba. Nadhani hakuna mkata mawe aliyekuwa hadaiwi.

Tajiri yule alidai kilicho chake kisheria. Deni la maiti hulipwa kabla ya mafungu, na sheria ni moja kwa maskini na tajiri. Kadhi aliandika sawa. Linaloniuma ni kwamba katika karatasi ile hakuna mstari unaokwenda upande wa pili. Hakuna senti iliyotoka kwa mwenye mawe kuja kwa mjane kwa sababu mumewe alikufa chini ya mawe yake, akiijaza mashua yake. Zana zilichukuliwa na mdai kwa shilingi 9: mtaimbo, sururu na shoka, vikarudi timboni kwa mkono wa mtu mwingine. Shilingi 22 zilizobaki zilitoka katika kuuzwa robo ya dau.

Ile robo ya dau ndiyo iliyoibadilisha nyumba yetu. Babu alifanya kazi baharini maisha yake yote, na hakuwahi kuwa na sehemu katika chombo chochote. Alikuwa baharia wa vyombo vya watu, akipokea fungu la baharia. Tukiwa watoto tulidhani ndivyo alivyopenda. Shangazi alipoelewa hesabu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tulikuwa nayo." Aliisema mara mbili.

Nimeulizwa na jamaa kwa nini babu hakutaka isomwe. Nadhani deni lilimfedhehesha, na kuna la pili. Katika hati, mzee wetu ametajwa kwa jina lake na la baba yake tu, na hapo nasaba inakatika, wakati mdai ametajwa mpaka babu wa babu yake na kabila lake. Kila mtu wa Lamu anajua maana ya nasaba iliyokatika namna hiyo. Kazi ya timbo kabla ya 1907 ilikuwa kazi ya watumwa, na miaka ishirini na nne baadaye waliokuwa wakiifanya walikuwa watoto wao. Familia nyingi zimelificha hilo kwa heshima, na mimi siwalaumu, wazee waliishi katika mji ambao neno moja lilitosha kuvunja posa. Lakini kwa kulificha tumewaficha na wao. Mtu aliyezaliwa na mama asiyeandikwa, akafanya kazi, akaoa, akanunua robo ya dau kwa jasho lake, si mtu wa kuonewa haya.

Sikuandika hapa jina lake wala la mdai. La kwake shangazi ndiye atakayesema lini. La mdai sitaliandika kamwe; vitukuu vyake ni majirani zetu, tumezikana na kuozana, na hawana deni kwetu.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalifikia. Bibi alisema waliokuwa ndani ya pango la timbo jioni ile walikuwa watatu. Mmoja alivunjika mguu akaishi, wa pili alitolewa hai akafa kabla ya Idi ndogo iliyofuata. Huyo wa pili lazima aliacha mirathi yake, na huenda karatasi iko kashani kwa mtu Lamu, au ilihamia Mombasa au Malindi pamoja na wenyewe. Kama kwenu kuna hati ya 1349 au 1350, na mzee alikuwa mkata mawe, msiishie kwenye majina ya warithi na mafungu. Tafuteni mstari wa madeni, kati ya mazishi na mgawanyo. Mkiona karadha ya mawe, niandikieni. Nikipata tarakimu yake, hata kama nayo imeingia doa, tutaitoa kwa mafungu ya mjane.